Ufito Mmoja, Umbo Zima

Chukua rula ndefu ya chuma, ibane ukingoni mwa meza kwa mkono mmoja, kisha uifyatue ncha inayotokeza nje. Kwa muda mfupi rula yenyewe huioni. Unachoona ni umbo pana, jembamba penye meza na lenye kufunguka kuelekea nchani, na ungeweza kuapa kwamba lina mwili.

Majira ya baridi ya 1919 kuingia 1920, mjini Moscow, msanii Naum Gabo alilisimamisha umbo la namna hiyo na kuliita sanamu. Urusi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na vifaa vilikuwa adimu. Gabo, aliyeanza na masomo ya udaktari Munich kabla ya kugeukia sayansi na uhandisi, alitumia ufito wa chuma uliosimama wima na mtambo wa kengele ya umeme. Kengele hiyo ina ujanja mmoja tu: mkondo ukipita, koili inakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma, kikivutwa, saketi inakatika, sumaku inapotea, kipande kinarudi, saketi inaungana tena. Mchezo huo ukirudiwa upesi, shina la ufito linatikiswa bila kupumzika.

Basi kwa nini tuone umbo wakati kilichopo ni mstari? Tuanze na mwanga. Jicho haliugusi ufito. Linapokea mwanga uliodunda juu yake. Chembe za retina nazo haziachi mara moja kile zilichopokea. Mmweko ukirudiwa zaidi ya mara 50 au 60 kwa sekunde, kwa kawaida tunauona kama mwanga usiokatika. Kwa hiyo ufito unapopita sehemu moja na kurudi upesi, jicho linakusanya mwanga wa sehemu zote ulizopita na kuzionyesha pamoja.

Lakini umbo hilo halionekani sawa kila mahali, na hapa ndipo penye utamu. Tazama kingo za umbo: zimekolea, katikati pamefifia. Mtoto aliye kwenye bembea hupita chini kwa kasi kubwa kuliko pote, na huko juu, kabla ya kurudi, husimama kidogo. Ufito nao hufanya vivyo hivyo. Gawa njia yake sehemu nne zilizo sawa: katika mbili za kati, ambazo ni nusu ya njia, unatumia theluthi moja tu ya muda. Theluthi mbili zinaishia kwenye sehemu mbili za pembeni. Pale ulipokaa zaidi ndipo ulipotuma mwanga zaidi. Kwa maneno mengine, ukikaza macho kwenye ukingo ule uliokolea, unaona muda.

Kuna jambo la pili. Mtikisiko unaoanzia chini hupanda hadi ncha iliyo huru, ukarudi, ukakutana na unaopanda. Kasi ya mtikisiko ikilingana na urefu na ugumu wa ufito, safari hizo mbili zinajumlishwa na kutoa wimbi lililosimama: sehemu fulani zinacheza sana, na nyingine, ziitwazo nodi, hazichezi kabisa. Ndiyo maana umbo linaweza kuvimba, likabana, kisha likafunguka tena, ingawa chuma hakijakunjwa wala kuchongwa. Ukibadili kasi ya mtikisiko, umbo linavurugika au linahama.

Taa nayo ina neno lake. Mirija ya taa ya aina ya zamani, kwa umeme wetu wa hezi 50, huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Chini ya mwanga huo, ufito unaotetemeka unaweza kuonekana kama mistari kadhaa iliyoachana, kwa sababu taa inauangazia kwa vipindi. Mwanga wa jua hauufanyii hivyo.

Mwaka huohuo wa 1920 Gabo na kaka yake Antoine Pevsner walitoa ilani mjini Moscow, wakidai sanaa ijengwe kwa nafasi na wakati badala ya uzito wa jiwe. Baadaye Gabo alisema kazi hii ilikuwa zaidi maelezo ya wazo la sanamu yenye mwendo kuliko sanamu kamili. Sikubaliani naye. Ina urefu, upana na kingo, na mtu anaweza kuizunguka akaitazama kila upande. Mimi naihesabu sanamu, na nakala yake ya 1985 imo katika hazina ya jumba la sanaa la Tate, Uingereza.