Mgeni Akianguka Mbele Yetu



Ukitoka hapa Nyakato kwa barabara ya Musoma, mwendo mfupi tu unafika Igoma. Pale wamelala ndugu zetu waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, meli ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha, na baadhi yao walizikwa bila kutambuliwa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Tangu mwaka ule sisi wa wodini tumeshika desturi moja: akiletwa mtu asiyefahamika, tunamwuliza jina mapema, maadamu bado anaweza kusema.

Mwezi huu tuzungumze juu ya mtu huyo tusiyemjua, anayepatwa na shida mbele ya macho yetu, iwe stendi, sokoni, mwaloni au hata kanisani.

Chukueni mfano wa kifafa. Kijana anashuka kwenye basi, anapiga ukelele, anaanguka, anatetemeka, povu linamtoka. Watu wanatawanyika. Bado wapo wanaoamini kwamba povu lile huambukiza. Haliambukizi, wala kumgusa hakuambukizi. Tumepokea wodini watu walioungua vibaya kwa sababu walianguka motoni, na waliokuwa karibu waliogopa kuwavuta. Hao hawakuumizwa na kifafa peke yake; woga wetu nao uliwachoma.

Basi, mvute mbali na moto, maji au barabara. Weka kanga au koti chini ya kichwa chake. Usimbane kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, wala usimnusishe kiberiti. Mtetemeko ukiisha, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke nje. Tazama saa: ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Kisha kaa naye. Akizinduka hatajua yuko wapi, na pengine amejikojolea. Mfunike kanga kabla hajajiona hivyo mbele ya kundi la watu. Kanga hiyo ni sehemu ya matibabu.

Mwingine hutokwa jasho jingi, huyumba na kusema ovyo. Twasema haraka, "Amelewa." Huenda ni mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe soda au maji yaliyotiwa sukari ya kutosha. Aliyepoteza fahamu asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Na hata kama amelewa kweli, akifia mtaroni tutamjibu nini Bwana?

Tuseme ukweli. Wengi wetu hatupiti pembeni kwa ukatili. Tunaogopa damu, tunaogopa polisi, tunaogopa kuambiwa, "Wewe ndiye uliyemgonga." Hofu ya damu ina dawa: vaa glavu, na ukizikosa funika mkono kwa kifungashio safi cha mkate, halafu gandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia. Kwa habari ya polisi, ni kweli majeruhi wamekuwa wakidaiwa fomu ya PF3, lakini anayevuja damu nyingi mpelekeni hospitali kwanza, na mmoja wenu aende kituoni. Msiende peke yenu. Nendeni wawili watatu, awepo wa kushuhudia.

Yule Msamaria katika Injili ya Luka, sura ya 10, naye alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa maana wanyang'anyi wangeweza kuwa bado njia ile ile. Sisi wauguzi humkumbuka pia mwenye nyumba ya wageni, ambaye mahubiri humsahau. Ndiye aliyeachiwa mgonjwa amtunze. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani kule Bukoba, wavuvi ndio waliowahi kufika na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Wavuvi wale hawakungoja kujua aliyemo ndani ni wa dini gani.

Yapo pia majeraha yasiyotoka damu. Mama ameambiwa mwanawe amefariki, yumo varandani analia, hamjui mtu. Sisi Wakristo tuna haraka mno ya kusema, "Usilie, ni mapenzi ya Mungu." Tafadhali tungoje kidogo. Mketishe, keti karibu naye, mpe maji, mwulize ana nani mjini hapa. Akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye. Asiachwe avuke barabara peke yake katika hali ile.

Na majeruhi akiwa amezimia, tafuteni kitambulisho chake mbele ya mashahidi, fedha na simu zihesabiwe na kukabidhiwa kwa muuguzi. Simu yake ikiwa na namba ya siri, msiizime. Mtu wa nyumbani atapiga. Mmoja apokee, aseme jina lake mwenyewe kwanza, kisha aseme mgonjwa amepelekwa hospitali gani, na abaki kwenye simu mpaka yule wa upande wa pili aandike.