SOMO LA MWEZI HUU: DAWA IKAE MAPAJANI



Mwezi huu tujifunze juu ya kuishi na kusafiri na insulini, kwa kuwa hapa Kanazi wamo nyumba kwa nyumba wenye ugonjwa wa kisukari, na safari zetu za hospitali ni ndefu.

1. Insulini ni nini?
Kongosho hutoa insulini ili sukari ya chakula iingie mwilini na kutupa nguvu. Kwa wengine, hasa watoto na vijana, kongosho huacha kuitoa. Zamani mtoto wa namna hiyo alikufa tu. Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini. Dawa hii haiondoi ugonjwa. Humweka mtu hai siku kwa siku. Kwa hiyo haiachwi.

2. Sindano na pampu
Wengi wetu hutumia sindano. Wengine, hasa ndugu walioko ng'ambo, hutumia pampu, yaani kimashine kadiri ya simu ndogo kinachovaliwa mkandani. Hutoa insulini kidogo kidogo usiku na mchana kwa mrija mwembamba uingiao chini ya ngozi, ambao hubadilishwa kila siku 2 au 3. Akitaka kula, mwenyewe hubonyeza na kuongeza. Lakini betri ikiisha au mrija ukiziba, baada ya saa chache hali huwa ya hatari. Basi mwenye pampu naye hubeba sindano na chupa ya akiba.

3. Njiani
Tulipata kusafiri na mama mmoja na mwanawe kwenda Mwanza. Utingo aliuchukua mkoba wao akautia kwenye buti. Tulipopita Biharamulo basi likaharibika, na saa ya sindano ikafika. Abiria walitoa magunia ya maharage moja moja hadi mkoba ukaonekana. Mtoto alikuwa amekwisha kulegea. Siku hizi hatungoji kivuko cha Busisi, maana daraja lilifunguliwa mwaka 2025; hata hivyo magari bado huharibika. Kwa hiyo:
(a) Dawa ikae mapajani pa mwenyewe, mbali na jua na injini.
(b) Beba mara mbili ya unachohitaji, pamoja na chakula na sukari.
(c) Uwe na barua ya daktari. Kwa ndege, mwenye pampu aombe kukaguliwa kwa mkono.

4. Nyumbani
Asiye na jokofu aweke chungu ndani ya chungu kikubwa, atie mchanga kati yake na kuulowesha kila siku, kisha afunike. Chupa iwe ndani ya mfuko mkavu. Insulini iliyoganda kwa barafu imeharibika, isitumike.

5. Wajibu wetu
Sukari ikishuka mno, mtu hutoka jasho, hutetemeka na kusema ovyo. Tusiseme amelewa. Apewe vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji. Akizimia, asitiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi. Wakati wa Kwaresima, mtumiaji wa insulini asifunge kabla ya kumwuliza daktari.

Hali kadhalika, tusimwambie mgonjwa kwamba kwa kuwa ameombewa aiache dawa. Hezekia aliomba na Bwana akamsikia, lakini Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Maombi na dawa vilikwenda pamoja.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, ni nani atumiaye insulini, na jirani yake anajua la kufanya?
2. Mgonjwa asiye na nauli ya kliniki, tumsaidieje?