Nambari Zipendazo Kugawanyika

Tuseme mzee mmoja wa upande wa Bahati, karibu na mji wa Nakuru, ana shamba la eka 13, naye ataka kuwagawia wanawe sawasawa angali hai. Wakiwa wawili, watatu au wanne, hawezi kumpa kila mmoja eka nzima nzima bila kusalia kitu. Eka moja itabaki katikati, na aghalabu ugomvi wa ndugu huanzia katika kipande kama hicho. Lakini kama angalikuwa na eka 12, angaliwagawia wawili, watatu, wanne au hata sita, na kila mtu angaliujua mpaka wake.

Sababu yake ni vigawo. Kigawo cha nambari ni nambari nzima iwezayo kuigawanya pasipo baki. 13 ina vigawo viwili tu, yaani 1 na 13 yenyewe. Nambari ya namna hiyo huitwa nambari tasa. 12 ina sita: 1, 2, 3, 4, 6 na 12.

Sasa tuzipange zile nambari ambazo kila moja ina vigawo vingi kuliko nambari yo yote iliyo ndogo kuliko yenyewe. Zaanza hivi: 1, 2, 4, 6, 12, 24, 36, 48, 60, 120, 180, 240, 360. Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyepata kuwa karani katika bandari ya Madras, alizichunguza sana katika makala yaliyochapishwa London mwaka 1915.

Kuhesabu vigawo hakuhitaji kuvitaja kimoja kimoja. Ivunje nambari iwe nambari tasa tupu. 360 ni 2×2×2×3×3×5: mbili zipo tatu, tatu zipo mbili, tano ipo moja. Ongeza 1 kwa kila hesabu, upate 4, 3 na 2, kisha zidisha. Jibu ni vigawo 24.

Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1921, ilikuwa na senti 100. Nambari 100 ina vigawo tisa, na 3 si mojawapo. Watu watatu wakigawana shilingi moja, kila mtu hupata senti 33 na moja hubaki. Pauni ya Uingereza hadi mwaka 1971 ilikuwa na peni 240, yenye vigawo 20, na watu watatu walipata 80 kila mmoja. Mia ni rahisi kuandika, si rahisi kugawana.

Jambo hili lamgusa hasa mnunuzi wa kiwanja. Eka moja ni futi za mraba 43,560, na sehemu yake ya nane ni 5,445 kamili. Lakini kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho mara nyingi huitwa sehemu ya nane ya eka, ni futi 5,000 tu. Zile 445 zimekwenda wapi? Huenda zimekuwa barabara, wala si vibaya. Ila mnunuzi na aonyeshwe barabara hiyo kabla hajatoa fedha.

Kwa apendaye kujaribu: chini ya 100 zipo nambari tano zenye vigawo 12. Ni zipi?

Jibu: 60, 72, 84, 90 na 96. Katika orodha yetu imo 60 peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia.