SOMO: KUTAMBUA VIRUSI MWILINI

Malaria huanza kwa homa na kuumwa kichwa. Ebola nayo huanza hivyo. Mwezi wa Agosti 2019 Ebola ilifika Mwenga, katika Kivu yetu ya Kusini. Tutazitenganishaje homa hizi? Kwa macho haiwezekani. Sharti damu ipimwe.

Kila aina ya virusi ina protini zake. Mwaka 2020 wataalamu wa Korea ya Kusini walitengeneza chombo cha kutambua protini ya virusi vya Korona. Kina utando wa kaboni, unene wake atomu moja tu, na umeme hupita humo. Juu yake wamebandika kingamwili zinazoishika protini ile.

Mfikiri mvuvi wa Mboko. Hamwoni samaki chini ya maji, lakini samaki akinaswa, mshipi huvutwa na mkono huhisi. Kingamwili ni ndoana, utando ni mshipi. Protini ikinaswa, umeme hubadilika, nasi tunajua. Kwa virusi vingine hutafutwa kingamwili nyingine.

Lakini ndoana haimvui samaki asiyefika. Mgonjwa wa Ebola aweza kuwa na dalili hata siku 3 kabla virusi havijatosha kuonekana katika damu. Basi muuguzi akisema, “Ngoja, tutakupima tena,” usikasirike wala usitoroke. Ukirudi nyumbani, watakaokuuguza ndio watakaoambukizwa.

Maswali:
1. Kwa nini homa haitambulikani kwa macho?
2. Kwa nini mgonjwa hupimwa mara ya pili?