Daftari Shirikishi la Sayansi: Namna ya Kuliandaa na Kulitunza

Tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutekeleza utaratibu wa elimumsingi bila ada, jukumu la kununua sare na madaftari limeendelea kuwa la mzazi. Kwa kaya nyingi za Wilaya za Karagwe na Kyerwa, fedha hizo hutokana na kahawa, ndizi na maharage. Ni haki ya mzazi, basi, kujua daftari alilolinunua linamsaidia nini mtoto. Daftari linaweza kuwa safi na kuwa na alama ya vema kila ukurasa, ilhali mwenye nalo hawezi kueleza kwa maneno yake yale aliyoyanakili ubaoni.

Njia mojawapo ya kuondoa kasoro hiyo ni daftari shirikishi. Makala haya yanawaeleza wanafunzi, wazazi na walezi namna ya kuliandaa, kulitumia na kulitunza.

Maana yake

Daftari shirikishi hutenganisha kazi ya mwalimu na kazi ya mwanafunzi. Ukurasa wa kulia hupokea yale yanayofundishwa darasani: maelezo, fasili na michoro ya ubaoni. Ukurasa wa kushoto ni wa mwanafunzi mwenyewe. Hapo huandika utabiri, maswali, majedwali ya vipimo, michoro aliyoibuni na maelezo kwa lugha yake. Ukurasa wa kushoto ukiwa mtupu, hiyo ni dalili ya mapema kwamba somo limesikika lakini halijaeleweka.

Kuliandaa

1. Chagua daftari gumu la kaunta, au shona pamoja madaftari madogo mawili. Lisitumike kwa somo jingine.

2. Andika namba katika kila ukurasa kabla ya kuanza kulitumia.

3. Tenga kurasa nne za mwanzo kwa ajili ya yaliyomo. Kila mada iandikwe na tarehe na namba ya ukurasa.

4. Tenga kurasa kumi za mwisho kwa ajili ya msamiati, zenye safu tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kinyambo au lugha nyingine ya nyumbani. Safu hizi zina umuhimu mkubwa, kwa kuwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya Serikali aliyesoma sayansi kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza aingiapo Kidato cha Kwanza. Aliyekwisha kujiwekea msamiati hataanza upya.

5. Gundi si lazima inunuliwe. Uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo hubandika karatasi vizuri, mradi ukurasa uachwe wazi mpaka ukauke.

Mfano wa somo: kuota kwa mbegu

Mwalimu anafundisha kwamba mbegu huhitaji maji, hewa na joto la kutosha ili iote. Hayo huandikwa kulia. Kushoto, mwanafunzi huchora makopo matatu yenye mbegu tano tano za maharage: la kwanza lina pamba yenye unyevu, la pili lina pamba kavu, na katika la tatu mbegu zimezamishwa kabisa majini. Kabla ya kuanza, huandika utabiri wake: ni kopo lipi litaotesha, na kwa sababu gani?

Kisha huchora jedwali la siku kumi na kujaza kila siku idadi ya mbegu zilizoota na urefu wa miche kwa sentimita. Wanafunzi wengi hutabiri kwamba kopo lenye maji mengi ndilo litakaloshinda. Matokeo huwa tofauti: mbegu zilizozama huvimba, na nyingi huishia kuoza kwa kukosa hewa ya kutosha. Utabiri uliokosewa haufutwi. Chini yake mwanafunzi huandika alichokiona na sababu yake. Hapo ndipo anapojifunza, na hapo ndipo anapopata jibu la swali la mkulima wa bondeni: kwa nini maharage yaliyopandwa penye maji yaliyotuama hayaoti vizuri?

Somo linapogusa shamba

Somo la bakteria nalo lina mfano wa karibu, yaani mnyauko wa migomba. Kulia huandikwa dalili zake: majani kuwa ya njano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati na utomvu wa njano kutoka shina linapokatwa. Kushoto, mwanafunzi huchora mishale inayoonyesha jinsi bakteria wanavyosafiri kwa panga, kwa wadudu watembeleao ua dume na kwa machipukizi yenye ugonjwa. Halafu huonyesha mahali pa kukata njia hizo: kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, na kupanda machipukizi safi. Mgomba mgonjwa uchorwe tu; sehemu zake zisichukuliwe wala kubandikwa daftarini.

Kulitunza

Daftari lifunikwe kwa karatasi ngumu na lihifadhiwe mbali na jiko na paa linalovuja. Jani la kubandika likaushwe kwanza kati ya kurasa za gazeti, chini ya kitu kizito, kwa muda wa wiki moja. Jani bichi huotesha ukungu. Daftari lililojaa lisitupwe wala kufungiwa bidhaa, kwani litahitajika wakati wa kujiandaa na upimaji wa kitaifa.

Wajibu wa mzazi

Si lazima mzazi awe amesoma sayansi. Mara moja kwa wiki, afungue ukurasa wa kushoto na kumuuliza mtoto mambo matatu: Umechora nini hapa? Ulidhani nini kabla ya kuanza? Umejua nini sasa? Mtoto akishindwa kujibu, mzazi aweke alama ukurasani na kumwomba mtoto ampelekee mwalimu swali hilo kesho yake.

Wazazi na walezi wanashauriwa kuzungumza na walimu wa sayansi wa shule zao kabla ya kununua madaftari ya muhula ujao, ili utaratibu wa nyumbani ulingane na wa darasani.