Tukate Picha au Tupoteze Kioo?

Nataka kuwaeleza jambo nililojifunza baada ya kufanya kosa, maana mtu akificha kosa lake, mwenziwe hulirudia.

Muhula uliopita sisi wa klabu ya picha tulipewa kazi ya kuitia katika fremu mpya ile picha ya zamani ya wanafunzi wa kwanza wa shule hii. Picha ilikuwa pana sana, na fremu iliyonunuliwa ilikaribia mraba. Mimi ndimi niliyeshika mkasi. Nilikata upana wa vidole viwili kuume na vidole viwili kushoto. Picha ikaenea vizuri, wenzangu wakanisifu. Siku ya Wazazi alifika mzee mmoja, akasimama mbele ya picha ile muda mrefu. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nisaidie macho. Baba yangu alikuwa mpishi hapa, naye alisimama huku mwishoni kabisa. Mbona simwoni?" Sikuwa na la kumjibu. Vile vipande nilikwisha kuvitupa jalalani, na takataka zilikwisha kuchomwa moto.

Mwalimu wetu wa Fizikia aliponiona nimeinamisha kichwa aliniambia, "Kosa lako si geni. Yako makampuni makubwa huko Marekani, yenye fedha na mafundi, yaliyofanya vivyo hivyo kwa michezo yao ya zamani ya televisheni. Nenda ukasome, kisha uwaandikie wenzako." Basi haya ndiyo niliyoyasoma.

I. Umbo la Kioo

Televisheni za zamani zilikuwa na kioo kinachokaribia mraba. Kwa kila sehemu 4 za upana zilikuwapo sehemu 3 za kimo, twaandika 4:3. Televisheni za leo ni pana zaidi: sehemu 16 za upana kwa sehemu 9 za kimo, yaani 16:9. Kwa hiyo mchezo uliopigwa picha kwa ajili ya kioo cha kwanza hauwezi kuenea sawasawa katika kioo cha pili. Hapana budi kuchagua njia.

Njia ya kwanza ni kuivuta picha kwa upana mpaka ijaze kioo. Ubaya wake ni dhahiri: watu wote hunenepa, na mpira huwa kama yai. Njia ya pili ni kuikuza picha mpaka ijaze upana wa kioo, kisha kukata kinachozidi juu na chini. Njia ya tatu ni kuiacha picha nzima, na kuweka weusi pande zote mbili. Iko na ya nne, nayo nitaieleza mbele.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kioo chenye upana wa sentimita 80 na kimo cha sentimita 45. Ukiiacha picha ya zamani nzima, kimo chake kitakuwa sentimita 45, na upana wake 45 × 4 ÷ 3, yaani sentimita 60. Zabaki sentimita 20 za weusi, 10 kila upande. Ishirini katika themanini ni robo. Sasa ikuze picha hiyo mpaka ijaze upana wote wa sentimita 80. Kimo chake kitakuwa 80 × 3 ÷ 4, yaani sentimita 60, lakini kioo kina 45 tu. Sentimita 15 hukosa mahali, nazo hukatwa. Kumi na tano katika sitini ni robo vile vile.

Tazameni basi: katika njia hizi mbili robo lazima ipotee. Katika moja twapoteza robo ya kioo, na katika nyingine twapoteza robo ya picha. Swali lote ni hili: tupoteze robo ipi?

II. Negativu na Utepe

Kabla ya kujibu, yafaa tujue jinsi mchezo wa zamani unavyoweza kung'aa upya. Michezo mingi ya Marekani ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema. Mathalani, I Love Lucy, ulioanza mwaka 1951, ulipigwa kwa kamera tatu za filamu mbele ya watazamaji. Filamu ya namna hiyo huchukua mambo madogo madogo mengi kuliko televisheni za siku zile zilivyoweza kuonyesha. Televisheni ya Marekani ilikuwa na mistari 525, na kama 480 tu ndiyo iliyobeba picha. Picha kamili ya HD ina mistari 1,080. Basi mwenye negativu akiipitisha katika skana ya kisasa hupata uzuri uliokuwamo tangu mwanzo, ila haukuwa ukionekana.

Lakini mchezo uliorekodiwa kwa utepe wa video hauna akiba hiyo. Jambo ambalo utepe haukuliandika halimo, na mashine ya leo yaweza kulikisia tu.

III. Waliosafisha Bila Kukata

Mchezo uitwao Star Trek: The Next Generation ulionyeshwa toka 1987 hata 1994. Ulipigwa kwa filamu, lakini filamu ile ilihamishiwa katika utepe, na kazi ya kuunga vipande, pamoja na kuchanganya picha za vyombo vya angani, ikamalizwa katika utepe. Kwa sababu hiyo hapakuwa na filamu iliyounganishwa ya kipindi kizima. Wenye mchezo walipotaka kuutoa katika HD iliwabidi mafundi wazirudie negativu, wavitafute vipande kimoja kimoja, waviunge upya kwa mpango ule ule wa zamani, kisha wachanganye upya zile picha za vyombo. Misimu yote saba ilitolewa kati ya 2012 na 2014.

Na baada ya taabu yote hiyo, waliiacha picha katika 4:3, na weusi pembeni. Walioutengeneza mchezo zamani walikuwa wamepanga kila mtu na kila kitu ndani ya umbo lile, nao waliusafisha bila kuugusa mpango huo.

IV. Waliokata

Wengine walichukua mkasi kama mimi. The Simpsons ni mchezo wa katuni, na vipindi vyake vya miaka 19 ya kwanza vilichorwa kwa 4:3. Vilipoanza kuonyeshwa katika Disney+ mwezi Novemba 2019, vilikuwa vimekatwa juu na chini. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1993 Homer anatembelea kiwanda cha bia. Yako mapipa matatu makubwa yenye majina matatu mbalimbali, lakini juu yake bomba moja ndilo linaloyajaza yote. Kichekesho ni hilo bomba: majina ni matatu, bia ni moja. Picha ilipokatwa juu, bomba likatoweka, na kichekesho kikatoweka pamoja nalo. Watazamaji walilalamika, na Mei 2020 wakapewa nafasi ya kuchagua picha nzima.

Seinfeld nao ulipoingia Netflix mwezi Oktoba 2021 ulikuwa umekatwa. Kimo kipindi cha mwaka 1997 ambacho jina lake lenyewe lahusu shimo la barabarani. Mtu anasimama akilitazama shimo, lakini mtazamaji halioni, kwa kuwa limekatwa kwa chini!

V. Njia ya Nne

Huenda msomaji akauliza, "Ikiwa filamu ina nafasi pembeni ambayo haikuonyeshwa zamani, mbona tusiifungue?" Hiyo ndiyo njia ya nne, na mara nyingine yawezekana. Lakini nafasi ile haikupangwa ionekane. Buffy the Vampire Slayer ulipofunguliwa hivyo mwaka 2014, watazamaji waliona pembeni mafundi na vifaa vyao, mambo ambayo 4:3 ilikuwa imeyaficha.

Hata kazi ikifanywa kwa uangalifu, hukosi kulipa. The Wire, mchezo wa mji wa Baltimore ulioonyeshwa toka 2002 hata 2008, ulipangwa kwa 4:3. Mwaka 2014 ulitolewa katika 16:9, na David Simon aliyeubuni alishiriki katika kazi hiyo. Mwenyewe alieleza wazi kwamba matukio mengine yalinufaika kwa upana mpya, na mengine yalipungua nguvu. Watu waliobanwa pamoja katika picha nyembamba huonyesha dhiki yao. Ukiwapa nafasi pembeni, dhiki ile hulegea.

VI. Jaribio na Neno la Mwisho

Msomaji asiniamini kwa maneno tu. Chora mstatili wa sentimita 16 kwa 12, uujaze mchoro wowote: mtu aliyesimama, paa la nyumba juu yake, kuku miguuni pake. Kisha kata dirisha la sentimita 16 kwa 9 katika karatasi nyingine, uliweke juu ya mchoro. Ukilipandisha, utampoteza kuku. Ukilishusha, utalipoteza paa. Hakuna mahali utakapoliweka usipoteze kitu.

Wako wanaosema kwamba weusi pembeni waudhi, na kwamba mtu hakununua televisheni pana ili aitumie robo tatu. Nakubali kwamba waudhi siku ya kwanza. Lakini kioo kile kesho kitaonyesha kitu kingine kwa upana wake wote, hali mtazamaji aliyepewa picha iliyokatwa hawezi kujua alichonyimwa. Kwa hiyo mimi nimechagua: heri kupoteza robo ya kioo.

Kwa shule nayo yako mambo mawili. Picha asili isikatwe kamwe. Itengenezwe nakala, na mkasi upite katika nakala. Na kama fremu haifai, ibadilishwe fremu.

Negativu ya picha yetu tumeitafuta, hatukuipata. Nilimwandikia yule mzee barua ya kumwomba radhi, naye akajibu kwa upole, akanitajia jina la baba yake na miaka aliyopika hapa. Nimeyaandika kwa wino mweusi chini ya picha, pamoja na maneno haya: "Picha hii ilikatwa pembeni. Waliosimama mwisho hawaonekani." Majuto ni mjukuu, nami wangu ananingoja ukutani kila nipitapo ukumbini.

Mwanafunzi wa Kidato cha III, Klabu ya Picha