Kadi Mbili, Swichi Pepe Moja: Mtaalamu Anajibu

Barua zinatoka Ifakara mjini, Mang'ula, Kidatu na Mlimba, na karibu zote zinahusu jambo moja: seva moja, mashine pepe kadhaa ndani yake, swichi pepe inayoziunganisha, na kadi za mtandao zaidi ya moja. Sitaeleza mashine pepe ni nini, maana aliyeuliza maswali haya anaijua. Nimechagua yale ambayo jibu lake likikosewa, mapokezi ya kituo cha afya yanasimama na mgonjwa anabaki kwenye benchi huku karani akiitazama kompyuta isiyofungua faili lake.

Nimeongeza kadi ya pili ya gigabiti moja kwenye swichi pepe. Mbona kunakili faili kunachukua muda uleule?

Swali hili limeletwa na mtu wa chuo, na wa chama cha wakulima wa miwa, na wa duka la dawa, kila mmoja kwa maneno yake. Nawajibu wote pamoja, tena kwa kirefu, kwa sababu wapo mafundi wanaouza kadi ya pili kwa ahadi ya kasi maradufu. Watu wanalipa, na wanaolipa ni wale wasioweza kuwasahihisha.

Kadi mbili za gigabiti moja zikifungwa pamoja hazigeuki kadi moja ya gigabiti mbili. Swichi pepe inapogawa kazi kati ya kadi, kwa kawaida haigawi pakiti mojamoja. ESXi, kwa mpangilio wake wa awali, huangalia mashine pepe imeunganishwa kwenye poti gani ya swichi pepe, kisha huipa kadi moja, na mashine hiyo hubaki na kadi hiyo kwa kila inachokituma. Linux, ambayo ndiyo iliyo chini ya Proxmox, katika mipango yake ya kugawa kwa hesabu huangalia anwani za MAC, au ukiiagiza, anwani za IP na namba za poti. Njia ni tofauti, matokeo ni mamoja: faili linalotoka kwa kompyuta moja kwenda nyingine hupita kadi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Na imefanywa hivyo kwa makusudi. Pakiti za faili moja zikitawanywa njia mbili hufika zimepishana, TCP hudhani nyingine zimepotea, huomba zitumwe upya, na kasi inaanguka badala ya kupanda. Treni moja ya TAZARA haiwezi kukimbia juu ya njia mbili za reli kwa wakati mmoja hata ukiijengea ya pili pembeni. Ila ukiwa na treni mbili, hazitasubiriana stesheni.

Chukua kalamu. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125. Ukitoa mzigo wa vichwa vya pakiti, tegemea kama 110 hivi. Chelezo ya gigabaiti 100 itachukua robo saa. Weka kadi ya pili, ya tatu, ya nne: robo saa ileile. Tofauti utaiona pale kompyuta mbili zinaponakili kwa wakati mmoja, na hata hapo hesabu ya anwani inaweza kuzitupa zote mbili kwenye kadi moja, nyingine ikabaki bila kazi.

Mwingine ataniambia tuwashe LACP. Haibadilishi kitu hapa. LACP ni makubaliano kati ya seva na swichi halisi, ile ya ukutani, kwamba nyaya hizi ni kundi moja. Ugawaji bado unafuata hesabu ileile. Tena swichi pepe ya kawaida ya ESXi haizungumzi LACP kabisa, na aliyekuambia ameiwasha hapo hakuiwasha.

Kabla hujanunua chochote, tazama diski. Diski ya kuzunguka inayohudumia mashine pepe nne zinazoandika kwa pamoja haitafikisha hata hizo megabaiti 110, na kadi mpya utakuwa umeinunua bure. Kama diski ni za SSD na bado unataka faili moja liende kasi zaidi, nunua kadi za gigabiti 10 kwa pande zote mbili pamoja na swichi inayozikubali. Ikiwa pande zote ni Windows, kuna SMB Multichannel, iliyopo tangu Windows Server 2012, inayoweza kutumia kadi kadhaa kwa faili moja kwa sababu yenyewe hufungua mazungumzo kadhaa. Kwa vingine vingi, kadi ya pili ina kazi nyingine, nayo ni kubwa kuliko kasi.

Masika barabara ya kwetu Mlimba hukatika. Kadi ikifa wakati huo, fundi hafiki. Nifanye nini?

Hii ndiyo kazi yenyewe. Bonde hili hujaa maji kila masika, na seva isiyoguswa na mtu kwa wiki kadhaa lazima ijitegemee. Zifunge kadi mbili kwa mpango wa moja kufanya kazi na nyingine kungoja: kwenye Proxmox unaitwa active-backup, na kwenye ESXi unaweka kadi moja upande wa zinazofanya kazi na nyingine upande wa akiba. Mpango huu hauhitaji swichi ya bei kubwa.

Lakini mnaweka kadi mbili halafu mnazichomeka kwenye swichi moja, swichi hiyo kwenye UPS moja yenye betri iliyokwisha. Hapo hamjaongeza uhai wowote. Kadi moja iwe ile ya ubao mama, ya pili iwe ya kupachika. Kadi yenye poti mbili ikiungua, huungua yote. Kila kebo iende kwenye swichi yake, na kila swichi ipate umeme kwa njia yake. Kisha, kabla fundi hajapanda gari kurudi, chomoa kebo ya kwanza huku ukiipigia seva ping. Irudishe. Chomoa ya pili. Fundi anayekataa jaribio hilo asilipwe.

Tulipochomeka kebo ya pili, mtandao wa jengo zima uliganda.

Barua tatu zimeeleza jambo hili, na zote zilikuwa Proxmox. Mmeandika kadi zote mbili moja kwa moja kwenye daraja la vmbr0, kisha mkazichomeka kwenye swichi moja ya kawaida. Daraja la Linux hupitisha kinachoingia kadi hii kitoke kadi ile, na Proxmox huliunda likiwa na kinga ya mizunguko, STP, imezimwa. Tangazo moja la kutafuta anwani likiingia, huzunguka bila kikomo hadi kila kifaa kizidiwe. Tengenezeni kwanza bond0 yenye kadi hizo mbili, kisha daraja lipewe bond0 peke yake. Swichi pepe za ESXi na Hyper-V hazipitishi kitu kutoka kadi ya nje kwenda kadi nyingine ya nje, ndiyo maana aliyejifunzia huko huja kuumia huku.

Nilitengeneza swichi pepe ya nje kwenye Hyper-V nikiwa mbali, seva ikapotea.

Uliondoa tiki inayoruhusu mfumo mwenyeji kuitumia kadi hiyo pia. Nenda ukakae mbele ya seva.

Tuna Windows Server 2022. Kundi la kadi tulilolitengeneza kwenye Server Manager linakataliwa na Hyper-V.

Kundi la aina hiyo, LBFO, halikusudiwi tena kwa swichi pepe. Tumia SET, iliyokuja na Windows Server 2016. Hutaiona kwenye dirisha la Hyper-V Manager. Inaundwa kwa PowerShell, amri ya New-VMSwitch yenye -EnableEmbeddedTeaming. Hukubali hadi kadi 8, ziwe za aina na kasi moja. Swichi pepe ya zamani haigeuzwi kuwa SET, unaunda mpya, kwa hiyo panga saa ambayo hakuna anayehudumiwa.

Nina laini mbili za intaneti za kampuni mbili. Nikiziweka zote kwenye swichi pepe moja, nitapata jumla ya kasi?

Hapana. Kila laini ina ruta yake, anwani zake na njia yake ya kutokea. Ukizimwaga pamoja, mashine zitapewa anwani na ruta yoyote iliyowahi kujibu, na utashinda kutwa ukitafuta kwa nini leo printa haionekani. Unda swichi pepe tatu: moja kwa kila laini, ikiwa na kadi yake halisi, na ya tatu ya mtandao wa ndani. Weka mashine pepe ya ruta, pfSense au OPNsense, yenye adapta tatu, moja katika kila swichi, nayo iamue nani atoke wapi na laini moja ikifa ahamie ipi. Seva yenyewe ipewe njia moja tu ya kutokea.

Na msidhani kampuni mbili ni njia mbili hadi mwisho. Mikongo ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Ulizeni kila kampuni inatokea mkongo upi kabla ya kulipia laini ya pili.

Kadi za USB je? Na Wi-Fi?

USB kwa kompyuta ya kujifunzia, sawa. Kwa seva inayohudumia watu, hapana. Wi-Fi kama kadi ya nje ya daraja la Proxmox, hapana kabisa: kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hakikubali anwani za MAC za mashine kadhaa nyuma ya kifaa kimoja.

Zahanati yetu ina Wi-Fi ya wageni. Mtu wa mauzo anasema nywila ngumu inatosha kulinda mafaili ya wagonjwa yaliyo kwenye seva hiyohiyo.

Jibu hilo limenikasirisha. Ifakara ni mji uliolelewa na hospitali na utafiti wa afya tangu miaka ya 1950. Watu wa hapa wamejibu maswali ya watafiti na kutoa damu yao kwa kuamini kwamba siri zao zitatunzwa. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Simu ya mgeni haipaswi hata kuiona seva ya wagonjwa, sembuse kuulizwa nywila.

Kama una kadi za kutosha, wape wagonjwa swichi pepe yenye kadi yake na wageni yenye yao. Kama huna, tumia VLAN: namba moja kwa wagonjwa, nyingine kwa wageni, ya tatu kwa kuisimamia seva, na swichi ya ukutani iwe ya aina inayoelewa VLAN, si ile ya bei ya chini kabisa. Halafu chunguza kosa lililo la kawaida kuliko yote: mashine pepe moja iliyopewa adapta mbili, moja kila upande, ili iwe rahisi kwa fundi. Mashine hiyo ikivamiwa kutoka kwa wageni, mvamizi ameshafika kwa wagonjwa. Iondoe adapta moja leo.

Kebo kati ya jengo la seva na maabara imeunguza kadi mara mbili baada ya radi. Niongeze kadi ya tatu?

Ng'oa kebo ya shaba. Pitisha faiba.